Pampu haijafa: kutu kwenye viungo vya umeme wa mafuta katika gari za zamani

Gari ya zamani ikianza kuzimika njiani, neno la kwanza utakalosikia gereji ni kwamba pampu ya mafuta imekufa. Pampu hununuliwa, hufungwa, gari ikaenda wiki mbili au mwezi, kisha ikarudia maradhi yale yale. Mwenye gari hudhani ameuziwa spea bandia. Mara nyingi spea haina makosa. Makosa yako kwenye kipande cha shaba kisichozidi upana wa kucha, kilichogeuka kijani kwa chumvi ya bahari, na pampu mpya imefungwa juu ya kutu ile ile ya zamani.

Makala hii ni ya wenye gari hizo: aliyeachiwa Morris Minor na babu yake, mwenye Peugeot 504 ambayo haijawahi kuondoka Mombasa, na mwenye Mercedes ya umbo la 123 anayeambiwa kila siku aiuze kwa kilo. Ni ya vijana wa gereji pia, kwa sababu kazi hii haihitaji kompyuta wala mashine ya bei. Inahitaji multimeta, msasa laini, subira, na kuelewa umeme unavyopita.

Kwa nini Pwani

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Chumvi ikitua juu ya shaba hunyonya maji kutoka hewani, hata siku isiyo na mvua, na kufanya utando mwembamba unaopitisha umeme. Hapo kiungo hugeuka kama betri ndogo. Penye madini mawili tofauti yanayogusana, kwa mfano shaba na alumini, au shaba na bati la bodi, moja huliwa na jingine hubaki. Ile rangi ya kijani unayoiona kwenye terminali ni shaba iliyokwisha kubadilika kwa chumvi, na haipitishi umeme kama shaba safi.

Ongeza umri. Gari ya miaka 40 au 60 ina waya ambazo mpira wake umekauka na kupasuka. Unyevu huingia kwenye mpasuko na kupanda ndani ya waya, ukaifanya shaba kuwa nyeusi kwa urefu wa kidole au zaidi. Kwa nje waya inaonekana nzima. Ongeza pia tabia ya kuosha injini kwa maji ya mkazo, na pampu zinazofungwa chini ya gari ambako kila dimbwi la masika hurusha maji. Ndiyo maana gari iliyokaa Nairobi inaweza kuwa na viungo safi, na ya mwaka huo huo iliyokaa Nyali au Likoni ikawa imeoza.

Usalama kabla ya yote

Hapa tunashika umeme karibu na petroli, kwa hiyo sehemu hii usiiruke.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaondoka, bali hushuka na kutulia sakafuni na kwenye mashimo. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, wala usiingie shimo la gereji ukiwa unashughulikia tangi. Ukisikia harufu kali ya petroli, acha umeme kabisa na utafute kwanza mahali panapovuja. Usitumie taa ya kupimia yenye ncha ya kugusisha karibu na tangi, maana hutoa cheche. Usilehemu waya karibu na tangi wala karibu na mpira wa mafuta. Weka kizimamoto cha unga karibu na mkono. Maji hayazimi petroli, huieneza tu.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, toa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, yaani ethi. Kwa gari nyingi huo ni waya wa hasi. Lakini Morris Minor zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, kwa hiyo waya wa kutoa kwanza ni wa chanya. Nyingine zimegeuzwa baadaye, basi tazama kwa macho ni waya upi umefungwa kwenye bodi, usifuate mazoea.

Hesabu ndogo inayoeleza mambo mengi

Pampu ya umeme ya gari yenye injekta huvuta umeme mwingi. Tuchukue ampea 8. Kiungo chenye kutu kikiongeza ukinzani wa omu 0.2 tu, kiasi ambacho multimeta nyingi za bei nafuu haziwezi kukipima sawasawa, volti zinazopotea hapo ni 8 mara 0.2, yaani 1.6. Betri inatoa volti 12.4, pampu inapata 10.8. Pampu itazunguka, ila kwa uvivu. Gari itakwenda mjini bila shida, kisha ikifika mlimani, au joto likizidi, inakosa mafuta na kuzimika.

Hizo volti zilizopotea hazikupotea bure. Zimegeuka joto pale pale kwenye kiungo: volti 1.6 mara ampea 8 ni karibu wati 13. Joto hilo huoza kiungo zaidi, ukinzani ukaongezeka, na joto likaongezeka tena. Ndiyo maana soketi ya plastiki huonekana imeungua ilhali fyuzi haijakatika. Fyuzi hukatika kwa umeme kuzidi. Kwa kutu umeme hupungua, na fyuzi haina habari.

Kupima kunakosema kweli

Kipimo kinachowapotosha wengi ni hiki: fundi anachomoa waya wa pampu, anaweka ncha za multimeta, anaona volti 12, anasema umeme upo, basi pampu ndiyo mbovu. Bila mzigo hakuna mkondo unaopita, na bila mkondo kutu haionyeshi hasara yoyote. Hata uzi mmoja wa waya uliobaki utakuonyesha volti 12.

Pima waya ukiwa umefungwa na pampu ikizunguka. Fanya hivi:

1. Pima betri yenyewe, ncha kwa ncha, pampu ikifanya kazi. Andika namba.
2. Pima kwenye terminali mbili za pampu. Tofauti ya namba hizi mbili ndiyo hasara yote ya njiani.
3. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu. Utasoma hasara ya upande wa chanya.
4. Weka ncha moja kwenye hasi ya pampu na nyingine kwenye hasi ya betri. Utasoma hasara ya upande wa ethi.
5. Upande wenye hasara kubwa, songa kiungo kwa kiungo. Weka ncha moja kabla ya kiungo na nyingine baada yake. Kiungo kizima hakipotezi zaidi ya volti 0.1. Kinachopoteza 0.5 au zaidi umeshakipata.

Kwa jumla, mimi nataka pampu ipate volti isiyopungua ya betri kwa zaidi ya nusu volti hivi. Ethi peke yake isipoteze zaidi ya 0.2. Watu wengi huhangaika na chanya wakasahau ethi, na kwa gari zetu za Pwani ethi ndiyo mgonjwa wa mara nyingi, kwa sababu inafungwa kwenye bati na bati ndilo linaloliwa.

Morris Minor na pampu inayogonga

Morris Minor ilianza kutengenezwa 1948 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pampu yake ni ya SU, ya umeme, na iko chini ya boneti ukutani mwa chumba cha injini, si kwenye tangi. Ndani yake mna koili inayovuta kiwambo, na pointi ndogo zinazokata na kurudisha umeme. Kila mvuto mmoja ni mgongo mmoja: tak, tak, tak.

Sauti hiyo ndiyo kipimo chako cha kwanza. Fungua swichi bila kuwasha injini. Pampu nzima hugonga haraka, kisha polepole, kisha hunyamaza kabureta ikijaa. Ikigonga haraka bila kukoma, ama tangi ni tupu ama inavuta hewa. Ikigonga polepole bila kukoma, huenda valvu ya kabureta haifungi, au kuna mahali panavuja. Ikiwa kimya tangu mwanzo, umeme haufiki au pointi zimeshika kutu.

Igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, tuhumu pointi. Kugonga huko kutakufikisha nyumbani, lakini hakuponyi. Toa ethi ya betri, fungua kifuniko cha mwisho cha pampu, na upitishe kipande cha karatasi ngumu safi katikati ya pointi mara kadhaa hadi kitoke bila weusi. Zikiwa na mashimo ya kuungua, zibadilishe. Kisha kagua waya mweupe unaoleta umeme kutoka kwenye swichi, na ule mfupi unaotoka kwenye mwili wa pampu kwenda kwenye bodi. Huu wa pili husahaulika. Fungua skrubu yake, sugua hadi bati ling'ae, funga tena.

Mercedes 230E na fyuzi zinazodanganya

Mercedes za umbo la 123 zilitoka kati ya 1976 na 1985. Ile 230E ina injekta za mfumo wa K-Jetronic, na pampu yake ya umeme iko chini ya gari upande wa nyuma, mahali panaporushiwa maji na mchanga. Mfumo huu hutaka mkazo wa takriban baa 5, kwa hiyo hauvumilii pampu yenye njaa ya umeme.

Anza kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi zake ni zile za mviringo zenye ncha mbili, na rangi hueleza nguvu: nyeupe ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Zinashikwa na vibanio vya chuma kwa kubanwa tu. Nyingi zinazouzwa zina ukanda wa alumini, na kibanio si alumini, kwa hiyo chumvi ikiingia katikati kutu huota. Fyuzi inaonekana nzima kwa macho lakini haipitishi vizuri. Zungusha kila fyuzi mahali pake mara kadhaa. Gari ikichangamka baada ya hapo, umepata jibu. Tiba ya kudumu ni kusugua vibanio kwa msasa laini, kuvibana kidogo ili vishike kwa nguvu, na kuweka fyuzi zenye ukanda wa shaba za ampea zile zile.

Kisha relei ya pampu. Gari za Kijerumani zina namba za terminali zinazofanana: 30 ni umeme wa betri, 15 ni wa swichi, 31 ni ethi, 87 ni umeme unaotoka kwenye relei. Kujua kama tatizo ni relei au ni waya, chomoa relei, tambua 30 na 87 kwenye soketi, na uziunganishe kwa waya mnene wenye fyuzi katikati. Pampu ikizunguka vizuri, relei au kinachoiamrisha ndicho kibovu. Ifungue relei uitazame kwa mwanga: lehemu iliyozungukwa na ufa mwembamba kama uzi ni jambo la kawaida kwa umri huu, na kulehemu upya mezani, mbali na gari, hurudisha kazi. Pampu isipozunguka, rudi kwenye vipimo vitano vya juu. Waya huu wa kuunganisha ni wa kupimia tu. Ukimaliza, utoe.

Mwisho, terminali za pampu yenyewe. Zimefungwa kwa nati. Tia alama waya wa chanya kabla ya kufungua. Nati ikiwa imeshika kutu, shikilia upande wa chini usije ukavunja msumari wake, kwa sababu ukivunjika hapo pampu nzima imepotea.

Peugeot 504 na geji isiyosema kweli

Peugeot 504 haihitaji kutambulishwa Kenya. Ilizinduliwa 1968, ikaunganishwa hapa hapa nchini, na ikashinda Safari Rally ya 1975 ikiwa na Ove Andersson na ya 1978 ikiwa na Jean-Pierre Nicolas. Za kabureta hazina pampu ya umeme, pampu yake husukumwa na injini. Kwa hiyo kutu ya umeme hukutana nayo kwenye tangi, pale panapotoka waya wa geji.

Geji ikisema nusu na gari ikakatika mafuta, au mshale ukiruka ruka, usikimbilie kununua geya ya tangi. Swichi ikiwa imefungwa, chomoa waya wa geji pale kwenye tangi na uuunganishe kwenye bodi kwa waya mwingine, uukaze, upande wa bodi ukiwa mbali na mdomo wa tangi. Ndipo mtu afungue swichi kwa sekunde chache. Mpango huu wa kuunganisha kwanza na kufungua swichi baadaye huhakikisha cheche haitokei karibu na mvuke. Mshale ukisafiri hadi mwisho wa geji, geji na waya ni vizima, na ugonjwa uko kwenye geya au ethi yake. Usiposogea, ugonjwa uko njiani au kwenye geji. Kabla ya kulaumu geya, safisha ethi ya tangi. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yote.

Kutengeneza kiungo kidumu

Ukishapata kiungo kibovu, usikisafishe juu juu.

Kata waya kurudi nyuma hadi ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki terminali wala lehemu. Ukirudi nyuma kiasi cha shubiri na bado ni nyeusi, badilisha waya mzima. Kwa pampu ya ampea 8 iliyo mita 5 kutoka kwenye relei, waya wa milimita 1 za mraba hupoteza karibu volti 0.7 hata ukiwa mpya. Wa milimita 2.5 za mraba hupoteza chini ya 0.3. Tofauti ya bei ni ndogo.

Tumia terminali ya shaba iliyopakwa bati, na uibane kwa koleo la kazi hiyo, si kwa meno wala nyundo. Ivute kwa nguvu, ikitoka haikubanwa. Vaa mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, lakini joto hilo lipitishwe mbali na tangi. Ikiwezekana ubane terminali mezani kisha ukalete waya kwenye gari.

Kwa ethi, kwangua rangi ya bodi hadi bati jeupe lionekane, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka juu yake grisi au vaselini, na rangi pembeni. Vaselini hupakwa baada ya kukaza ili izuie unyevu. Haichukui nafasi ya chuma kugusa chuma.

Najua nyumba nyingi husugua masinia ya shaba kwa ndimu na chumvi yakang'aa. Kwa sinia ni sawa. Kwa kiungo cha umeme ni kupanda ugonjwa upya, maana chumvi na asidi hubaki ndani ya nyuzi za waya. Ukilazimika kutumia kitu chenye asidi, suuza kwa maji safi, kausha kabisa, ndipo ufunge.

Njia za mkato ninazozipinga

Ya kwanza ni kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi. Katika joto letu gundi ya tepu huyeyuka, unyevu huingia usitoke, na ndani kunaoza pasipo kuonekana.

Ya pili ni kuweka fyuzi kubwa au karatasi ya sigara pale fyuzi inapokatika. Fyuzi hulinda waya. Ukiondoa ulinzi, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na waya huo unapita jirani na petroli.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na nimeikuta kwenye gari zilizotoka gereji zikiwa zimelipiwa kazi nzima: relei inarukwa, na pampu inapewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Gari inawaka, mteja anafurahi. Lakini relei ya 230E ina kazi ya pili. Injini ikisimama, inakata pampu hata swichi ikiwa wazi. Gari ikigongwa na mpira wa mafuta ukakatika, injini husimama na pampu husimama. Ukishairuka, pampu itaendelea kumwaga petroli kwa mkazo wa baa 5 juu ya injini ya moto, na watoto wako kiti cha nyuma. Ukinunua gari ya zamani, muulize muuzaji kuhusu waya huo, kisha uhakikishe mwenyewe: injini ikiwa imezimika na swichi ikiwa wazi, pampu haifai kusikika ikiendelea.

Ratiba ya mwaka

Kagua viungo hivi mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na baada ya mvua kukatika. Fyuzi, relei, terminali za pampu, ethi zote mbili na waya wa geji. Kazi ni ya asubuhi moja. Andika volti ulizopima kwenye daftari na uliweke ndani ya gari. Mwaka ujao namba ikishuka, utajua kutu imeanza kabla gari haijakuambia barabarani. Na ukiona kiungo kimeungua, mpira wa mafuta umepasuka, au harufu ya petroli haiondoki, usiiwashe gari. Iite breki dauni, ipelekwe kwa fundi unayemwamini, na umwombe akupimie volti mbele yako kabla hujalipia pampu mpya.